Mishale Kwenye Karatasi ya Manila

Wanafunzi walimwita Mama Ushahidi, maana hukuweza kumwambia neno lolote asikuulize, "Umejuaje?" Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na nane akifundisha sayansi. Alikuwa na ulimi mkali na machozi ya karibu, na alijitahidi sana vitu hivyo viwili visikutane mbele ya darasa.

Shule ilipofunguliwa tena baada ya lile gonjwa, aliona amepewa somo la bure. Watoto walikuwa wameugua, wamepona, na wana maswali tele. Akafungua daftari la mahudhurio, akayanakili majina yote kwenye karatasi ya manila, kila jina na tarehe ambayo mwenyewe alianza kukohoa. Kisha akawaachia wachore mishale: nani alikaa na nani, nani alimwambukiza nani. Darasa lilichangamka kama siku ya mechi, naye akarudi nyumbani kifua mbele.

Kumbe alikuwa amechokoza nyuki. Mishale yote ilianzia kwa binti wa nesi, aliyekohoa kwanza, tarehe kumi na mbili. Kufika Jumatano alikuwa anakaa dawati peke yake. Kiranja, rafiki yake wa chanda na pete, alikuwa amefiwa na bibi yake kwa ugonjwa huohuo, na sasa hakutaka hata kumtazama usoni. Alhamisi nesi akaja shuleni na sare zake za kazi.

"Mwalimu, mwanangu hataki kuja shule. Anasema amemuua bibi wa mwenzake. Ndiyo sayansi hiyo?"

Nesi alipoondoka, Mama Ushahidi alisimama mbele ya ile karatasi akajiuliza swali ambalo angepaswa kuliuliza tangu mwanzo: na huyu binti, aliupata wapi? Tarehe tisa, kabla shule haijafungwa, yeye mwenyewe alikuwa amekauka sauti, lakini akaja kazini kwa kuwa mtaala ulikuwa nyuma. Shule ina hadubini moja tu. Aliiinamia, akaikoholea, kisha akamwita binti wa nesi, wa kwanza siku zote kunyoosha mkono, aje achungulie. Daftari la mahudhurio halina jina la mwalimu. Miaka yote hiyo ya "umejuaje," na hakujihesabu!

Mkuu wa shule alimshauri aibandue karatasi na yaishe. Alitamani, tena sana.

Ijumaa nesi alimleta binti yake kwa kumbembeleza. Mama Ushahidi akachukua kalamu, akaandika juu kabisa, "Mwalimu, tarehe tisa," akachora mshale.

"Huenda ulianzia kwangu," alisema. "Nilikuja nikiwa mgonjwa. Mwenzenu hana kosa, mimi ndiye niliyemwita kwenye hadubini. Nisameheni."

Alimgeukia kiranja, tayari kuipokea hasira yake yote. Lakini kiranja hakukasirika. Alikuja mbele, akaweka kidole juu ya jina lake mwenyewe, tarehe kumi na sita.

"Mwalimu, bibi hayumo humu."

"Hayumo. Tuliandika wa darasani tu."

"Yeye aliugua tarehe ishirini." Sauti ilikuwa imeshuka. "Mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

Akanyoosha mkono kuomba kalamu. Mama Ushahidi aliikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akashindwa kumpa.