Tupange, Tupangie

Nilikata tiketi za basi Kitui mjini kwa miaka mingi, nimeketi nyuma ya dirisha dogo lenye vyuma, nikiwapeleka watu Mombasa, Malindi, Kisumu, Busia, na mimi mwenyewe mwisho wa dunia yangu ulikuwa Machakos, tena huko nilipelekwa na jino. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema ili ujue ni mtu gani aliyepokea ile simu ya mdogo wangu.

Mdogo wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Malili, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Ana mume na watoto wawili. Mimi niko Tulia, kwenye boma tulilozaliwa, pamoja na mama yetu, ambaye sote tunamwita mwaitu. Mwaitu alipopooza upande mmoja niliacha kazi ya tiketi, na tangu hapo sijalala kitanda kingine. Namwosha, namlisha, namgeuza, namkasirikia, namwomba msamaha. Watu wa kanisa huniambia nitabarikiwa. Sikatai, lakini huwa wananiambia hivyo wakiaga kwenda kwao.

Simu ilinikuta shambani, mahali ambapo mtandao huja na kwenda unavyotaka. Mimi na mdogo wangu kwa simu huongea Kiswahili, maana duka lake limejaa watu wa kila kabila na ulimi wake umeshazoea. Kikamba anamtunzia mwaitu.

"Dada," akasema, "mwezi wa kumi na mbili tunataka kushuka Pwani. Kwa treni, halafu tukodi gari tuzunguke miji. Na wewe ndiye unajua mambo ya safari." Hapo simu ikakwaruza, kisha nikasikia: "Tupange."

Niliketi pale pale kwenye tuta, jembe mkononi. Tupange! Mtu mzima mimi, nilicheka peke yangu mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ua kama kuna habari. Nikamwambia iko, naenda Mombasa.

Basi nikapanga. Ukitaka kumwona mtu aliyewatuma wenzake safarini maisha yake yote, mpe safari yake mwenyewe. Niliwapigia watu simu ambao sikuwa nimeongea nao tangu niache kazi. Nilimweleza mdogo wangu kwamba ile treni ya moja kwa moja haitatufaa, haisimami kwetu. Tupande ile inayosimama stesheni ndogondogo, tupandie Emali, gari lao tuliache hapo kwa mtu ninayemfahamu. Tushuke Voi. Voi tukodi gari, tupande milima ya Taita, watoto waone baridi ya Wundanyi kabla ya joto. Halafu turudishe gari Voi palepale, tupande treni tena hadi Mombasa, na huko tuchukue gari lingine la kwenda Kilifi na Malindi. Yeye alitaka gari moja tangu Voi mpaka mwisho. Nikamwambia, "Wewe, ukichukua gari mji huu ukaliacha mji mwingine, mwenye gari anakutoza pesa za dereva wa kulirudisha. Unataka kumsomeshea watoto?" Akacheka sana. "Dada, bila wewe tungepotea."

Kila jioni ilikuwa hivyo. Tutashuka Voi. Tutalala Wundanyi. Tutakula samaki Kilifi. Mimi nikisema tu, yeye akisema tu, na kila mmoja wetu alikuwa akihesabu watu wake.

Kuna mambo mawili ningeyaona kama furaha haingenipofusha. La kwanza, tiketi za treni hukatwa kwa kitambulisho cha kila abiria. Yeye alisema tiketi atakata mwenyewe, na hakuniuliza namba yangu. Nikajiambia anayo, si aliwahi kunisajilia laini ya simu? La pili ni Mukuyuni. Aling'ang'ania tupitie Mukuyuni, kwa wakwe zake, tulale hapo kabla ya kwenda Emali. Nilimwambia kutoka Malili hadi Emali ni barabara moja, Mukuyuni ni kuzunguka bure. Akasema, "Kuna kitu tutachukua hapo." Mtu wa safari nikawaza ni maembe. Au kuku.

Mwaitu nilimtafutia mtu mapema. Ni mama mmoja wa kanisani kwetu, mpole, aliyemuuguza mume wake miaka mingi na anajua kumgeuza mgonjwa bila kumwumiza. Alikuja mara kadhaa kuzoea. Mwaitu alimwangalia akipanga mashuka. Alipoondoka mwaitu aliniuliza kitu kimoja tu, kwa ule ulimi wake uliokuwa mzito tangu augue: "Na kuoga, ananiosha huyo?"

"Ndiyo, mwaitu. Siku chache tu."

Akageuza uso ukutani. Nikasema ni ugonjwa, huwa ananuna. Nikarudi kwenye simu yangu kuuliza kama Wundanyi kuna nyumba ya wageni yenye maji moto.

Siku ilipofika niliamka nikamwosha mwaitu, nikavaa gauni nililoshonewa Kitui, lile la kijani, na begi langu nikaliweka mlangoni. Gari la mdogo wangu likaingia uani saa nne hivi. Watoto wakaruka nje, wakanikumbatia. Shemeji akanisalimia kwa heshima zake zote, akaanza kutoa vitu nyuma ya gari: unga, mchele, sukari, mafuta, sabuni, na furushi kubwa la nepi za watu wazima. Nikasema moyoni, huyu mama wa kanisa ametunzwa kweli.

Mdogo wangu akaja na kikapu. "Dada, hivi vitawatosha wewe na mwaitu mpaka turudi. Na kuku ukitaka chinja, usijinyime, ni Krismasi." Kisha akaona begi. Akaangalia gauni. "Unaenda mahali?"

Nikaokota begi langu.

"Dada?"

"Naenda Voi," nikasema. "Naenda Wundanyi. Naenda Kilifi kula samaki. Si tulipanga?"

Akaweka kikapu chini. "Lakini dada... mimi nilikuambia utupangie. Tupangie. Sikusema tupange."

Hiyo ndiyo tofauti. Herufi moja, tena nyembamba kuliko zote, ambayo mtandao wa Tulia uliimeza shambani. Tupange ni mimi na wewe. Tupangie ni wewe utufanyie, halafu ubaki. Kwa muda wote ule nilikuwa nyuma ya lile dirisha langu la vyuma na sikujua.

"Na kiti?" nikamuuliza. "Gari lina watu wanne. Kiti cha tano ni cha nani?"

Akainamisha kichwa. "Wifi yangu. Tunamchukua Mukuyuni."

Kumbe hicho ndicho kitu cha Mukuyuni. Wifi yake, dada ya mume wake, mwanamke mwenye afya yake, mwenye mume, asiyejua treni inasimama wapi, atashuka Voi kwa mipango yangu. Niliyasema hayo yote, na mengine ambayo siwezi kuyaandika kwa kuwa watoto walikuwa wakisikia. Nilimwambia amenifanya mfanyakazi wa nyumbani asiye na likizo. Nilimwambia damu si nzito kuliko maji, damu ni nyepesi, inamwagika tu na hakuna anayeshtuka. Yeye alikuwa akilia. Alisema, "Lakini mimi nilijua huendi. Nilijua wewe hutaki." Akatazama nyuma ya bega langu, mahali mwaitu alipokuwa ameketi barazani. Mimi nikaona anatafuta pa kujificha. Nikawaambia waende kabla sijawalaani, na wakaenda.

Yule mama wa kanisani alifika mchana na kibegi chake. Nilimwambia safari imeahirishwa. Akaniangalia, akaangalia gauni la kijani, akasema Mungu ana sababu. Nilifunga mlango kabla hajanitajia.

Kesho yake nilikuwa barazani nikimlisha mwaitu viazi na ndizi nilivyoponda, simu ikalia. Mdogo wangu. Niliiacha ilie mpaka ikakata. Ikalia tena, nikapokea ili tu inyamaze.

"Dada, tumeshuka Voi," akasema haraka, kwa sauti ambayo hata mwaitu aliisikia, kelele za watu nyuma yake. "Mwenye gari hayupo. Tumengoja, jua ni kali, watoto wamechoka. Namba yake sina, wewe ndiye uliongea naye. Tafadhali, dada."

Nilijua palepale kilichotokea. Voi ina stesheni mbili, ile mpya na ile ya zamani kule mjini, na yule mwenye gari ni mzee ambaye ukimwambia stesheni anawaza ya zamani. Ilihitaji simu moja tu. Alikuwa amekaa kule kwenye kivuli anatungoja, na angewafikia kabla watoto hawajamaliza soda.

"Muulize wifi yako," nikasema. "Si yeye ndiye amekalia kiti changu? Basi na njia anaijua." Nikakata. Nikaizima simu kabisa, nikaiweka chini ya kiti, na wallahi nilisikia utamu. Nilijaza kijiko kingine.

Mwaitu hakufungua mdomo. "Mpigie huyo mtu wa gari," akasema.

"Simpigii."

"Watoto wako juani."

"Wana baba yao na shangazi yao. Kula."

"Mpigie. Usimtese mdogo wako. Hana makosa." Akavuta pumzi, maana siku hizi sentensi ndefu humchosha. "Ni mimi. Nilimwambia umekataa kwenda."

Kijiko kilibaki hewani. Nilidhani ni ulimi, au akili imeanza kumchanganyikia. Nikamwambia arudie.

Akarudia, pole pole, bila kunificha kitu. Kwamba mdogo wangu alikuwa amempigia yeye kwanza, kwa Kikamba, mwanzo kabisa, kumwuliza kama dada anaweza kwenda nao, mtu wa kumwangalia atafutwe. Kwamba yeye alimjibu nimeshakataa, nimesema siwezi kumwacha mgonjwa kwa watu, ila nitawasaidia kupanga. Na alimwonya asiniulize tena, kwa sababu nikiulizwa nalia. Ndipo kiti akapewa wifi.

Kwa hiyo kiti kilikuwa changu. Hilo lilinichoma zaidi ya yote. Nilitafutwa, nikatakwa, na mwenye kunikata jina ni huyu niliyekuwa nimemfunga kitambaa shingoni asichafuke.

"Ungeniambia mimi," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Mwaitu, ungesema tu, baki. Ningenung'unika, ningepiga sufuria, lakini ningebaki. Unajua ningebaki."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Kuku walipita uani, akawafuata kwa macho, kisha akanitazama.

"Ungebaki umenikasirikia mimi," akasema. "Nikaona afadhali umkasirikie yeye. Yeye yuko Malili. Wewe ndiye unashika kijiko."

Nilitoa simu chini ya kiti, nikaiwasha, nikampigia mzee wa Voi. Alikuwa stesheni ya zamani, kwenye kivuli, anashangaa treni gani hii isiyofika. Nikamwelekeza. Nikampigia mdogo wangu nikamwambia gari linakuja, ni jeupe, asilipe kabla hajakagua taa. Akaanza kulia, akitaka kueleza. Nikamwambia atanieleza akirudi. Sikumwambia ninayojua. Sikuwa na nguvu ya kumtoa mama yake mikononi mwake kwa simu, pale kituoni, mbele ya watoto.

Kisha nikarudi kuketi. Chakula kilikuwa kimepoa. Nilijaza kijiko nikakipeleka mdomoni mwake, na mwaitu hakula. Aliniangalia usoni kwanza, kisha mkono, kisha usoni tena, vile mtu anavyomwangalia mbwa asiyemjua. Mama yangu mzazi aliniogopa. Nami nilitamani kumwambia hana sababu, lakini dakika ile ningekuwa nasema uongo, kwa hiyo nilishika kijiko pale pale, nikangoja mpaka njaa ilipomfungua mdomo.