Majina ya Walioko Mpakani

Tangu Jumuiya ya Waislamu ifungue tawi kijijini kwao Biharamulo, Deodata hakuwahi kumwona katibu akinywa chai ameketi. Jirani yake huyo alianzia maneno mlangoni na kuyamalizia juu ya baiskeli, na vidole vyake vilikunja kofia, vikaikunjua, vikaikunja tena. Kila wiki alikwenda kijiji kingine kuandikisha wanachama. Vita vya Uganda vilipoanza na mgambo wakapelekwa mpakani, safari zake zilizidi.

Ijumaa moja Deodata alisikia kwamba Jumuiya itawaombea dua walioko vitani. Akaenda, akasimama nje ya msikiti.

“Shikamoo, mzee. Mwanangu Privatus naye yuko huko. Lakini sisi ni watu wa misheni.”

“Marahaba. Walipanda lori moja na wetu,” katibu alisema, akaliandika jina hapo hapo.

Baada ya swala katibu alitoka hadi uani, akasoma majina huku akitembea huku na huko, na watu wakaitikia amina. Lilipofika la Privatus, Deodata naye aliitikia. Yakapita majina mengine kumi. Kwenye jina la mwisho katibu aliacha kutembea. Akamsogelea Deodata, akampa karatasi.

“Nisomee hili, mama. Mimi siwezi.”

Lilikuwa jina la mwana wa katibu mwenyewe. Deodata alilisoma kwa sauti kubwa, wakaitikia wote, na katibu akaketi chini, palepale kwenye vumbi.