Neno Get Juu ya Dungu

Neno get lilinitesa mimi, acha tu. Miaka ya tisini nilikuwa kidato cha pili hapa Ifakara, na mwalimu wetu wa Kiingereza alitufungia likizo fupi kwa kazi moja: kila mtu arudi na maana za get kichwani, kila maana na sentensi yake. Atakayeshindwa ataleta mzazi. Sasa baba yangu alishaitwa muhula uliopita, nilipofeli Kiingereza, akarudi amenuna siku nzima. Alichosema ni hiki: "Nikiitwa tena, shule basi. Utaamia ndege mpaka uolewe."

Na likizo hiyo ndiko nilikopelekwa, kuamia ndege. Mpunga wetu wa Katindiuka ulikuwa umeanza kukomaa, kweleakwelea wanashuka makundi kwa makundi, na mimi nimesimama juu ya dungu, kile kichanja cha miti, na kombeo langu na madonge ya udongo. Daftari ningelishika kwa mkono gani? Ukiinama usome mstari mmoja, ndege wameshamaliza jaruba. Nikaona isiwe taabu, nikawa nawafukuza kwa Kiingereza hicho hicho. Nazungusha kombeo, nafoka: I get a letter! Hiyo ni kupokea. Donge jingine: I get home! Kufika. I get tired! Hapo sikuigiza, nilikuwa hoi kweli. Kilichoniudhi ni kwamba maana zenyewe hazina hata undugu. Kupokea, kufika, kuchoka, kuelewa, zote get. Wenye lugha yao walikosa maneno? Mama wa shamba la jirani alimuuliza mama yangu kama nimepandisha mashetani.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu akaniita wa kwanza. Nikasimama, kichwa kitupu, hakuna hata sentensi moja. Nilimwona baba akilini, nikaliona dungu, machozi yakaanza kunilenga. Mara mkono wangu wa kulia ukaanza kuzunguka hewani wenyewe, na sentensi zikatoka moja baada ya nyingine, kwa sauti ile ile ya shambani. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alisogea nyuma kidogo, akangoja nimalize, akasema nikae, nimepata, ila siku nyingine nisimpigie kelele. Jamani, nilivyokaa! Sikujali hata nani ananicheka.

Jioni nilimkuta baba uani anapiga pasi shati lake jeupe la kanisani, na haikuwa Jumapili. Nikamwamkia, nikamwambia haitwi. Akaiweka pasi pembeni, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo.

"Afadhali," akasema, akakaa kwenye kigoda. "Mara ile mwalimu wako alinisemesha Kiingereza tangu naingia mpaka natoka. Nilikuwa naitikia yesi, yesi, sijui hata nilikubali nini. Mwanangu, usinirudishe kule."