Mlio Ambao Lomorukai Hakuusikia

Khadra hakusalimu. Aliiacha injini ikinguruma, akashuka, akaubamiza mlango wa Land Cruiser yake kwa nguvu zote.

"Waryaa! Toka huko chini ya lori. Gari yangu bado inalia ssss kama nyoka, na wewe ulisema imepona!"

Lomorukai akajiburura kwa mgongo hadi nje, mikono imejaa grisi. Wiki iliyopita mama huyu alikuwa amemletea gari hilohilo. Yeye aliinamia injini, akafumba macho kama kawaida yake, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu, kisha akabadilisha kifuniko cha rejeta. Ukweli ni kwamba hakuwa amesikia kitu. Tangu gurudumu la lori limpasukie karibu akilijaza upepo, sauti nene bado anazipata, lakini nyembamba zimemhama: ndege, birika likichemka, simu ya mkewe.

Hakumwambia mtu. Sifa yake Isiolo nzima ilikuwa sikio. Madereva wa Merti na Biliqo walimpita kila fundi mwingine ili waje kwake, wamwone akiweka kipande cha mpira wa maji sikioni, ncha ya pili akiipitisha juu ya injini, na kutaja ugonjwa kabla hajagusa spana. Fundi wa sikio asiyesikia ni nani tena? Hasa Gichunge akiwa ng'ambo ya barabara.

Gichunge, fundi kijana kutoka Meru, alikuwa ameshaacha kazi yake ili atazame.

"Mama, leta huku! Huyo mzee anatengeneza magari kwa maombi!"

"Na wewe unayaua kwa mikono," Lomorukai akamrushia.

"Nyamazeni wote!" Khadra akafoka. "Nimetoka Kinna na maziwa ya ngamia. Mbuzi wamevuka barabara, nikakanyaga breki, ikawa ngumu kama jiwe. Nimesimama juu ya pedeli kwa miguu miwili! Mwenye mbuzi ameruka mtaroni akinitukania mama yangu, na ana haki."

Lomorukai akaiinamia injini. Breki ngumu na mlio mwembamba: basi hewa ilikuwa ikipenya mahali, ikiinyima nguvu busta, ile sahani kubwa inayousaidia mguu kwenye breki. Lakini ilipenya wapi? Ingeweza kuwa kwenye pampu, kwenye mpira wa hewa, au kwenye busta yenyewe. Kukisia tena kulikuwa kumrudisha mama huyu barabarani akaue mtu.

Akauweka mpira wake sikioni, kwa mazoea tu. Akapata ngurumo, basi. Khadra alikuwa akimtazama bila kupepesa.

Akautoa, akamnyoshea.

"Sikiliza wewe."

"Mimi ndio fundi?"

"Huo mlio siusikii, mama. Hata wiki ile sikuusikia."

"Mwongo wewe! Ulikuwa hapa unatingisha kichwa kama daktari!"

Akamtukana kwa Kisomali, akaongeza kwa Kiborana, akamalizia kwa Kiswahili, kana kwamba lugha moja isingetosha. Kisha akaunyakua mpira, akaifuta ncha yake kwa pembe ya shali, akaifuta tena, akampa Gichunge mgongo na kuiingiza chini ya hijabu. Wakasimama mbali kadiri mpira ulivyoruhusu, yeye na sikio lake huku, fundi na mkono wake kule.

"Hapa?"

"Injini tu."

"Na hapa, kwenye pampu?"

"Kidogo. Sogea, wewe! Sogea!"

Lomorukai akaishusha ncha polepole, akiufuata mpira wa hewa, hadi pale unapokunja kona kabla ya kufika kwenye busta. Khadra akaruka, akauchomoa mpira sikioni.

"Hapo! Imenifokea!"

Lomorukai akapitisha kidole upande wa chini wa kona. Palikuwa na ufa, na juu yake utepe uliokatwa kwenye blada ya gurudumu ambao mtu aliwahi kuufunga, sasa umelegea. Akazima injini, akautupa mpira ule wenye ufa, akafunga mwingine mzima na kukaza klipu zake. Alipowasha tena, pedeli ilishuka laini. Lakini kama palikuwa na tundu jingine, yeye asingejua.

"Imenyamaza?"

Khadra aliitengeneza shali yake, bila haraka yoyote.

"Uliza masikio yako."

"Nakuuliza wewe, mama. Kama bado inalia, usiondoke nayo."

Akamwangalia, kisha akainama juu ya injini, akakaa hapo muda mrefu.

"Imenyamaza. Lakini mimi sitanyamaza. Soko lote la maziwa litajua."

"Waambie."

Pengine Khadra alitarajia kubembelezwa. Akafyonya, akapanda gari, akaenda zake.

"Lomo!" Gichunge akaita. "Mama alikuwa anasikiliza redio?"

Pikapu ya miraa ilikuwa imepunguza mwendo, ikianza kukata kona kuingia kwa Lomorukai. Angeweza kucheka tu, dereva asijue kitu.

"Alikuwa ananisikilizia gari," akajibu kwa sauti. "Masikio yangu yamekwisha."

Gichunge akaanza kucheka, akaona mzee hacheki, akaacha. Dereva wa pikapu naye alikuwa amesikia. Akazungusha usukani, akavuka kwenda upande wa pili, bila hata kumtazama Lomorukai usoni. Alipofungua boneti, Gichunge akawa anachagua spana tayari.

"Hata hiyo ina breki, Gichunge," Lomorukai akamwambia kutoka ng'ambo. "Usikisie."