Tumbaku Mbichi Ilimtapisha Binti Yangu, Nikasingizia Chanjo

Kosa ni langu. Si la mume wangu, si la shetani. Ni la mdomo wangu huu, ambao mama alinionya nao tangu nikiwa msichana.

Tulikuwa tunalima tumbaku upande wa Migori, miaka ile ya tisini. Mdogo wangu, aliyeolewa Rusinga, akaja kunitembelea na mtoto wake wa miezi kumi. Mtoto alikuwa amedungwa sindano ya surua juzi yake. Mama yake ananionyesha kadi ya kliniki kwa furaha kama cheti cha shule.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Binti yangu Adhiambo, miaka tisa, alitusaidia kuvuna. Alibeba majani mabichi kifuani mpaka gauni likalowa chapachapa. Jioni akacheza na yule mtoto, akambeba. Kabla hata ya kula, akaanza kutapika. Kichwa kinazunguka, mwili baridi, kusimama hawezi. Yawa! Niliogopa.

Sokoni nilikuwa nimesikia kwamba mtoto akichanjwa, sumu ya sindano inamtoka na kuingia kwa wenzake. Basi sikungoja. Nikamgeukia mdogo wangu: "Umeniletea kifo nyumbani! Toka na mtoto wako!"

"Dada, mtoto ni mzima. Hata hajakohoa," akasema, analia.

"Toka! Na usimlete tena hapa!"

Akaondoka asubuhi. Kufika mchana Adhiambo anakula ugali na kuomba aongezwe! Hata hilo halikunizindua. Nikaitangaza hadithi yangu kisimani na kanisani, nikiongeza chumvi. Na kitinda mimba wangu, Ouma, alipofika miezi tisa, wakati wa sindano yake, nikamficha.

Sasa sikilizeni dhambi yangu iko wapi. Wiki chache baadaye mvua ilinyesha, tukavuna, Adhiambo akalowa, akatapika vilevile. Hakukuwa na mtoto aliyechanjwa hapo karibu. Jirani yangu, mkulima wa siku nyingi, akacheka: "Hiyo ni tumbaku, mama. Ikiwa mbichi na imelowa, inalevya. Kwani wewe hukutapika mwaka wako wa kwanza?"

Nilitapika! Nilitapika hadi nyongo! Siku hiyo nikajua nimemsingizia mtoto asiye na hatia. Lakini ningewaambia nini wale wanawake wa kanisa? Niliona haya. Nikanyamaza, na Ouma nikaendelea kumficha. Kliniki ilikuwa mwendo wa saa moja tu, jamani. Saa moja!

Surua ikaja. Ouma akawaka moto, macho mekundu, vipele mwili mzima, kisha kifua kikambana. Tulimfikisha hospitali huko Homa Bay akiwa hana nguvu ya kulia. Muuguzi akaomba kadi ya chanjo. Nikasema imepotea. Hata pale nilidanganya! Siku ya tatu akatuacha.

Kwenye matanga mdogo wangu alikuja. Watu wote wanaingia wakilia, yeye nikamwona amesimama nje ya boma, mtoto mgongoni. Nikamwendea. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, naruhusiwa kuingia na huyu?"

Mayo! Nilianguka miguuni pake. Nikasema yote mbele ya watu: tumbaku, haya yangu, kadi ambayo haikupotea. Alinishika mkono, tukaenda kumzika Ouma.

Mama wenzangu, jambo likifuata lingine, msikimbilie kusema hili limeletwa na lile. Ulizeni mtoto alishika nini, alikula nini, na kama yamewahi kumpata siku ambayo huyo mnayemlaumu hakuwepo. Na mkigundua mmekosea, semeni siku hiyo hiyo! Wale wanawake wangenicheka wiki moja, kisha wangesahau.

Wenzake Ouma waliozaliwa mwaka ule sasa ni wazazi. Nawaona wakipita na watoto wao kwenda kliniki, na mimi mtoto wa Ouma wa kumsindikiza sina.