Ndiyo ya Mama Kalunde

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau, ingawa mengi ya ujana wangu yamekwisha kunitoka. Niliikumbuka jana, nilipowasikia wewe na kaka yako mkibishana barazani juu ya ule utafiti wa maoni uliosomwa redioni, wa kama wakulima na wafugaji watengewe kila upande ardhi yake. Wewe ulisema wengi wamekubali, basi yamekwisha. Kaka yako akasema watu huongopa wakiulizwa, kwa hiyo hesabu zote hizo ni bure. Mimi niliendelea kunywa chai yangu, kwa kuwa mzee akiingilia kila ubishi chai yake hupoa.

Wakati wa Ujamaa nilikuwa bibi maendeleo, mtumishi wa serikali, msichana wa Tabora mjini, nimesoma na viatu vinang'aa. Nilitumwa kwenye kijiji kimoja cha njia ya zamani ya misafara, nikawaulize wenyeji kama wanataka kuhamia kijiji kipya kando ya barabara. Shauri hilo liliwagawa watu. Wengine walitamani shule na zahanati, wengine hawakutaka kuyaacha makaburi ya wazazi wao.

Nilipita nyumba kwa nyumba nikiongozana na katibu wa kijiji. Kila tulipofika tulipewa ugali kwanza, maana Wanyamwezi hawazungumzi shauri na mgeni mwenye njaa. Tukishanawa, nilifungua daftari na kuuliza: je, kuhamia kijiji kipya ni jambo zuri? Wote wakajibu ndiyo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kwamba kila anayeuliza ana akili.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Kalunde, mjane, mfinyanzi wa vyungu. Udongo wake aliuchimba bondeni, nyuma ya nyumba yake, na vyungu hivyo ndivyo vilivyomlisha. Nilipomuuliza, alitazama mlangoni aliposimama katibu, kisha akatazama chini. Alikawia.

“Ndiyo, mwanangu,” akasema. “Ni jambo zuri.”

Nilimwona akikawia. Lakini daftari langu halikuwa na mahali pa kuandika kukawia, nami nilikuwa na haraka ya kusifiwa, nikaandika ndiyo. Ofisini nikasifiwa kweli. Kijiji kikahama kabla ya mvua.

Mwaka uliofuata nilirudi. Shule ilikuwepo, imejaa watoto, na sitakudanganya kwamba hilo lilikuwa baya. Mama Kalunde nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake mpya, jembe miguuni. Ardhi ya pale ilikuwa mchanga mtupu. Kuufuata udongo wa bondeni kulikuwa mwendo wa nusu siku, na magoti yake yalikwisha kuchoka. Ufinyanzi alikuwa ameuacha, sasa alipalilia mashamba ya watu ili apate kula. Nilimpa shikamoo, nikamuuliza kwa nini siku ile hakukataa.

“Marahaba,” alisema, bila hasira. “Uliniuliza kama ni jambo zuri. Shule ni jambo zuri. Hukuniuliza mimi nitaishije. Na ulikuwa umekula kwangu, mwanangu, na mgeni havunjwi moyo; tena katibu, anayeandika majina ya wakaidi, ulikuja naye wewe mwenyewe. Ulitaka nikujibu nini?”

Kisha akanikaribisha ndani tule. Niliona haya kula ugali wake. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na haya ile ninayo bado.

Basi, mwanangu, sikiliza. Kaka yako akisema watu huongopa, anawaonea. Mama Kalunde hakuongopa. Nawe ukisema wengi wamekubali, yamekwisha, unafanya nilivyofanya mimi. Hesabu ya maoni si ya kutupwa, wala si ya kuapiwa. Ukisomewa, uliza kwanza: nani aliyeuliza, kwa maneno gani, na wakati huo nani alisimama karibu. Halafu mtafute yule ambaye ndiyo ya wengi itamwangukia yeye, ukae naye bila haraka, kwa sababu kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na ukimwona anakawia kujibu, funga daftari umsubiri.

Mungu akujalie subira ya kusikiliza, mwanangu, na kila utakayemuuliza asiwe na sababu ya kukuogopa. Amina.