Jani la Mlangoni Petu

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, nyumba yetu ya Beni, mashariki mwa Kongo, katika komini ya Ruwenzori, iligeuka kilabu kila msimu wa ndizi. Si baa ya muziki na chupa. Papa alikuwa na shamba la migomba nje ya mji, upande wa milima. Alikata ndizi, akaziivisha shimoni, tukazikamua, na Mama akatengeneza kasikisi, pombe ya ndizi zetu wenyewe. Ikiwa tayari, Mama alitundika jani bichi la mgomba mlangoni, na mtaa mzima ukajua: kwa Mama Masika wamefungua. Masika ni mimi. Kasikisi ikiisha, jani linashuka, tunarudi kuwa nyumba kama nyumba nyingine.

Sharti lilikuwa moja. Mukaka, yaani bibi yangu, mama yake Papa, alilishika kama amri ya Kanisa: jani halitundikwi kabla aliyekata ndizi hajaketi uani. Ukifungua yeye akiwa bado shambani, shamba litamweka.

“Litamuweka namna gani, Mukaka?”

“Kama vile yeye anaweka ndizi mu shimo. Uliza tena uone.”

Sikuuliza tena.

Siku ile ilikuwa Jumapili. Papa alitoka asubuhi na baiskeli kwenda kuleta ndizi za kuchoma, maana watu wa kwetu hawanywi kasikisi na tumbo tupu. Alisema misa haitaisha kabla hajarudi. Misa ikaisha. Wanywaji wakaanza kujaa mlangoni, mbele yao Papa Kambale, fundi wa matofali, mtu wa mdomo.

“Mama Masika, unatuuzia ao unatuonesha tu?”

“Ninangoja bwana yangu.”

“Lakini bwana yako anajua njia! Kasikisi ndiyo haijue kungoja. Kesho itakuwa siki, utatuuzia ya kutia ku salade?”

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, na hapo ndipo ninapomwona mpaka leo: mwanamke kijana, kitenge kipya, jani mkononi, anacheka.

Mukaka akaita kutoka jikoni: “Mukamwana, hapana. Acha afike.”

“Mama, iko mu njia, anafika sasa hivi,” Mama alijibu kwa heshima. Akatundika jani.

Walikunywa, wakaimba. Kisha motari mmoja akapita mbio na pikipiki yake, akipiga kelele kwamba wenye mapanga wameingia mashambani, watu wanakimbia. Uwanja ukabaki na vikombe tu.

Wanaume waliothubutu kwenda kutafuta waliikuta baiskeli imelala pembeni mwa shamba, ndizi bado zimefungwa nyuma kwa kamba. Papa hapana. Wala mwili hapana. Hata kilio chetu kilikuwa cha kusitasita, kwa sababu hatukujua tunamlilia marehemu au mtu aliyechelewa.

Na hapa ndipo hasira yangu inapoanza. Watu walikuja na mapanga mchana kweupe, wakachukua baba wa watu, na mtaa wetu ukapata mkosaji haraka sana: mama yangu! Wanawake waliketi kwenye mikeka yetu wakinong'ona: “Si alikatazwa? Alifungua mbele ya bwana kufika.” Hata Papa Kambale, aliyepewa kikombe cha kwanza, alikuwa akitikisa kichwa. Mama aliwasikia wote.

Aliyesimama kumtetea ni Mukaka. Alikwenda mlangoni, akalishusha jani, tayari limenyauka, akalitupa katikati ya mikeka.

“Munioneshe fasi panga iko mu hii jani.”

Akapitisha macho juu ya mikeka yote, uso mmoja mmoja.

“Donc munyamaze. Munaliza mutoto wangu.”

Mutoto aliyemsema alikuwa Mama.

Tulihamia Butembo, na Mukaka akafia huko. Mimi sasa ni mwanafunzi wa chuo, na kwenye mabishano wananiogopa. Nimewahi kusimama mbele ya ukumbi nikasema kwamba imani kama ile inawapa wauaji likizo: lawama ikishabebwa na jani, nani atauliza kwa nini mkulima anakwenda shambani kwake bila mtu wa kumlinda? Nilipigiwa makofi. Nitasema tena, popote. Ila ukumbini sikusema kwamba sharti la Mukaka lilikuwa pia namna ya kupenda: usianze furaha kabla ya kujua watu wako wako wapi.

Msimu huu migomba michache nyuma ya nyumba ilizaa vizuri. Nilikata ndizi mimi mwenyewe, na Mama akatengeneza kasikisi, ya kwanza tangu Beni. Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika nje. Mama akanipa jani.

“Ni wewe ulikata, na ni wewe huyu, umeikala hapa. Tundika.”

Hoja yake ilikuwa kamili. Hata mimi nisingepata pa kuivunjia. Nikaenda mlangoni, nikainua mkono, na kabla sijatundika nikageuka kutazama barabara inayotoka Beni. Nikatazama tena. Mama hakunihimiza. Hata wale wenye kiu, hapana hata mmoja aliyenihimiza.